Barua Isiyo na Kiambatisho

Wenzake walimwita Mama Faili, wala hakuliona jina hilo kuwa tusi. Miaka ishirini na sita alikaa masjala, chumba cha dirisha moja na makabati saba, na faili lake mwenyewe halikuwa na barua ya onyo hata moja. Alibakiza miezi mitatu astaafu. Ndipo meneja mpya akamletea balaa.

Meneja huyo aliandika barua zake kwa Kiingereza, na kila barua ilikuwa na "please find attached", kuwe na kilichoambatishwa kusiwe. Kwake yalikuwa maneno ya adabu tu, kama mtu anayekukaribisha chakula na sufuria ni tupu. Mama Faili alifunzwa vingine: ukimwambia mtu umemwambatishia kitu, umeahidi. Sheria ya masjala ilikuwa moja tu. Barua inayotaja kiambatisho bila kuwa nacho haisajiliwi, inarudi kwa mwenyewe.

Mwezi uliopita aliirudisha barua ya zabuni, na kwenye nakala ya ofisi akaandika: "Michoro haipo." Meneja akajibu chini yake kwa kalamu nyekundu: "Peleka hivyo hivyo." Ikapelekwa, zabuni ikakosekana. Na lawama akatwishwa nani? Mama Faili.

Ijumaa asubuhi barua ya onyo ikatua mezani pake, ati aiweke mwenyewe kwenye faili lake. Wamuue, kisha ajichimbie na kaburi. Aliisoma amesimama. Mwishoni iliandikwa kwamba ushahidi wa uzembe wake umeambatishwa. Akaikung'uta bahasha. Hakikudondoka kitu.

Akaigonga mhuri wa "Imerudishwa", akapanda nayo ghorofani.

"Mama, mbona unanirudishia?" meneja aliuliza.

"Kiambatisho hakipo, bosi. Siwezi kuisajili."

"Si unajua ni ile barua ya zabuni?"

"Naijua. Nakala yake hii hapa." Akaiweka mezani, wino mwekundu ukitazama juu. "Ambatisha kwa mkono wako, niisajili sasa hivi. Mkurugenzi husoma kila barua ya onyo, pamoja na viambatisho vyake."

Meneja aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Kisha akafungua droo, akaitumbukiza barua ya onyo humo.

"Tutaliangalia baadaye, Mama."

"Hapana. Ichane. Miaka yangu ishirini na sita haiwekwi kwenye droo."

Akasimama pale pale, mkoba kwapani, mpaka karatasi ikachanika vipande vinne. Kisha akachukua nakala yake, akashuka nayo masjala.