Paka Niliyemrudisha Kaole

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea. Jumamosi moja asubuhi nilimtia mtoto wa paka kwenye begi la shule, katikati ya daftari la Baiolojia na jezi ya mpira yenye jasho la wiki nzima. Nikapanda baiskeli kutoka Bagamoyo mjini hadi Kaole, nikamshusha kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa kufuli. Nyumba ya mtu aliyekwisha kufa. Nikamwekea dagaa kwenye kifuu cha nazi, nikamwambia, "Haya, salimia nyumbani." Halafu nikacheka peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunichekea.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, na paka alikuwa wake. Bibi alipofariki, paka akawa wa mama yangu. Tena ndicho kitu pekee mama alichopata kutoka kwa mama yake. Hilo nilikuwa nalijua vizuri wakati nakanyaga pedeli, sitaki kusingizia kwamba sikujua.

Kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake. Bibi aliniita "mume wangu" tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nikienda kwake ananipokea mlangoni: "Mume gani huyu anakuja mikono mitupu? Kesho nakwenda kwa kadhi." Namjibu, "Nenda, lakini mahari yangu nirudishiwe, na ile soda ya juzi." Ndivyo tulivyopendana, kwa kutukanana.

Kwa hiyo alipofariki nilikuwa na kazi yangu maalumu. Msibani wajukuu wanaruhusiwa vituko, na mimi nilivifanya mpaka watu wakasahau walichofuata. Nilijifunga kanga ya bibi, nikatembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni, nikakohoa kile kikohozi chake cha siku za mwisho. Nikajilaza mbele ya jeneza, nikasema mke wangu hatoki hapa mpaka wanaume wanilipe. Nikakaa na wazee kupokea mikono ya pole, nikiwaambia, "Jamani, nimekuwa mgane nikiwa kidato cha tatu, nani atanitaka tena?" Watu walishika mbavu. Hata mtoto wa paka alinifuata siku ile nzima, anajisugua kwenye pindo la kanga, nami nikamwonyesha kwa kila mtu: "Mnaona? Hata mtoto wa kambo kanikubali."

Wakati wote huo mama alikuwa uani anapakua wali. Mama ni kitinda mimba kwao, na ndiye aliyemuuguza bibi miezi yote ile, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Sikumwona akilia. Nikafikiri machozi yamemwishia wakati wa kuuguza. Nilikuwa na maelezo ya haraka kwa kila kitu, siku zile.

Baada ya arobaini vitu vya marehemu vikagawanywa. Ukatandikwa mkeka, wakakaa mama wakubwa wawili, mjomba, na mama yangu pembeni kabisa, nusu yake iko sakafuni. Mama mkubwa wa kwanza akachukua sanduku na kanga zote zilizomo, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Wa pili akachukua cherehani, kitanda na masufuria, kwa sababu yeye ndiye mwenye watoto wengi. Mjomba akatia ufunguo wa nyumba mfukoni, na yeye hakuona haja ya kutoa sababu. Ndipo wakamgeukia mama.

"Na wewe mdogo wetu, unataka nini?"

Kilichobaki ni kinu chenye ufa na ndoo isiyo na mshikio.

"Nipeni paka," mama akasema.

Mama mkubwa alicheka mpaka ushungi ukamvuka. "Haya, chukua. Ila usije ukaturudia hapa unadai nyongeza."

Nami, kwa huu mdomo wangu, nikadakia: "Akizaa tutamwita shehe atugawie." Wakacheka tena, mjomba akanipiga bega. Mama alimchukua paka, akamfunika na pindo la kanga yake, akatoka nje kusubiri bajaji.

Sasa ndiyo tuje kwenye usingizi. Kwetu ni chumba na sebule. Mama analala chumbani, mimi nalala sebuleni kwenye godoro, karibu na mlango wa uani. Paka mwenyewe alikuwa mdogo kama kandambili, lakini ikifika saa tisa ya usiku anatoa sauti kama spika ya msikiti iliyoingia maji. Anakaa mbele ya mlango, anainua kichwa, analia. Anapumua kidogo, anaanza upya. Mpaka adhana ya alfajiri.

Mama alinieleza kwamba saa tisa ndiyo saa ambayo bibi alikuwa anaamka kuswali, na akishatoa salamu anamkatia paka kichwa cha dagaa. Nikaona, aa, basi jambo dogo. Nikaamka na kichwa cha dagaa. Akakinusa, akanitazama kama mwalimu wa zamu anavyotazama shati lililochomekuliwa, akaendelea kulia. Nikampa maziwa ya vuguvugu. Nikamtia kwenye boksi na fulana yangu ya zamani. Nikamtoa uani, akalilia uani, jirani akagonga ukuta. Nikamwekea kwenye simu sauti ya paka jike akiita wanawe, akaizunguka simu mara mbili, halafu akalia kwa hasira zaidi, kama mtu aliyetapeliwa. Usiku mmoja nilikaa naye uso kwa uso, nikalia kama yeye. Mama akaja na tochi.

"Unafanya nini?"

"Namwonyesha alivyo."

"Mwache alie. Anamlilia mwenyewe."

"Kwani mimi ndiye niliyemuua?"

"Nimesema mwache."

Darasani nikawa nalala na macho wazi. Mwalimu wa Historia akaniita popo, na darasa zima likalipokea jina hilo kwa mikono miwili. Mimi niliyekuwa nawabatiza wenzangu sasa nikabatizwa. Mama naye asubuhi anakoroga uji wake wa kuuza huku macho mekundu, miayo juu ya miayo. Hapo ndipo nilipopata kisingizio. Nikajiambia namwokoa mama. Mtu akishataka kufanya ubaya, huruma haimkosi.

Niliporudi kutoka Kaole, mama aliniuliza paka yuko wapi.

"Katoka tangu asubuhi. Si unajua vijana wa siku hizi."

Hakucheka. Akaenda uani.

Usiku ule wa kwanza nililala kama gunia. Wa pili niliamka mwenyewe saa tisa, nikabaki nasikiliza. Kulikuwa na sauti, ila siyo ya paka. Mama alikuwa mlangoni anagonga kijiko kwenye sahani, taratibu, "nyau, nyau, nyau," akivuta sauti vilevile kama bibi. Nikajifunika shuka. Usiku wa tatu akatoka kabisa. Nilimsikia anazunguka ua wa majirani, taa ya simu inapita kwenye dirisha, inarudi, inapita. Aliporudi alisimama juu yangu kwa muda. Nikakoroma. Najua kukoroma kwa uongo vizuri sana, nimewahi kuwachekesha watu kwa hilo.

Jumanne nikitoka shule nilimkuta anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga kulisema kwa utani, "unajua mama, yule paka kaomba likizo." Utani ukakataa kutoka. Nikasema tu: nimempeleka Kaole, nimemwacha barazani, Jumamosi.

Niliandaa shavu kwa kofi. Mama alisogeza ungo, akavaa ushungi wake, akasema, "Twende."

Kaole tulipokelewa na jirani wa bibi, mama mtu mzima aliyekuwa anasuka ukili wa mkeka mlangoni kwake. Nikamwamkia, akaitika, akamtazama mama.

"Mmekuja na ufunguo?"

"Hatuna," mama akasema. "Tumemfuata paka."

"Kumbe ni wenu! Jamani, yule kiumbe katutoa machozi. Siku mbili hatoki mlangoni hapo, analia, anakwaruza. Nikamwambia mzee wangu, huyu unaweza kudhani marehemu yumo ndani anakataa kumfungulia. Nikampa samaki, hagusi. Nikamwita kwangu, anafika hapo konani, anageuka, anarudi mlangoni."

"Sasa yuko wapi?" nikauliza.

"Usiku wa kuamkia leo hatukumsikia, mwanangu. Na mbwa wa mashambani wanapita huku."

Usiku wa kuamkia leo. Ule niliokuwa nakoroma.

Tukaenda barazani. Kifuu kilikuwa palepale, dagaa wamejaa sisimizi. Chini ya mlango, kwenye mbao iliyofifia rangi, kulikuwa na mistari mipya myeupe, mifupi, mingi, yote imefika kimo kimoja. Kimo cha kandambili iliyosimamishwa. Mama alichuchumaa, akaipitishia kidole, mmoja baada ya mwingine.

Mimi nilitafuta. Nilizunguka choo, nikaingia kwenye minazi, nikachungulia kisima, nikaita kwa kila sauti ninayoijua, na ninajua kuigiza sauti nyingi. Katika kuita ndipo nilipoikumbuka kanga. Ile niliyojifunga msibani, ambayo paka aliifuata siku nzima. Siku ile hakulia hata mara moja. Kanga hiyo ilikuwa sandukuni kwa mama mkubwa, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Ningeweza kwenda kuomba kipande, nikakitandika kwenye boksi, tukalala sote. Mimi niliyejaribu maziwa na simu nilikuwa nimevaa dawa yenyewe mwilini mwangu, nikaifanya kichekesho.

Maghrib ilipoadhiniwa mama akasema tuondoke. Kwenye bajaji alijifunika uso wote kwa ushungi. Mabega yake yalianza kutikisika tulipoingia barabara ya lami, na hayakuacha mpaka mjini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu bibi azikwe. Dereva alitazama kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio. Mimi nilitazama njia.

Usiku huo nililala chali, macho darini. Hapakuwa na paka, hapakuwa na kijiko wala sahani, hata mbwa walikuwa wamepumzika. Saa tisa mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alipita kwenda kutia udhu, jambo ambalo saa kama ile hakuwa akilifanya zamani. Akarudi na maji yanamdondoka mikononi, akaniona nimekaa kitako kwenye godoro. Akasimama. Akasema:

"Mbona hulali, mume wa mama yangu? Nyumba si imenyamaza."