Orlinda Aishusha Chevelle

Katika mji mdogo wa Española, watu wa makamo wakimtaja Orlinda Maestas hawamwiti dereva wa basi la shule, ingawa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Wanamwita yule wa Chevelle nyekundu. Gari hilo alilinunua akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, kutoka kwa binamu yake aliyerudi vitani na hakutaka tena kukaa karibu na kitu kinachonguruma. Lilikuwa la mwaka 1970, injini ya silinda nane, na Orlinda alilifunga matairi manene nyuma na kulinyanyua mkia, kama walivyofanya wapenda mbio wote wa siku zile. Kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya mlima mweusi, vijana wengi wa bonde lile walizoea kuziona taa zake za nyuma zikipotea.

Mumewe, Filimón, alikuwa wa dini nyingine kabisa katika mambo ya magari. Yeye alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na Impala yake ya 1963 ilikaa chini hata mtoto angeweza kuweka kikombe juu ya boneti bila kunyoosha mkono. Aliiendesha polepole, dirisha wazi, kiwiko nje. Walikutana hivyo hivyo: Orlinda alimpita kwa kasi kwenye barabara ya Riverside, akamfokea kama amelala au amekufa, na dakika moja baadaye wakawa wamesimama bega kwa bega kwenye taa nyekundu. Filimón akateremsha kioo chake na kumwuliza kwa adabu, "Dada, na wewe umefika wapi?" Mwaka uliofuata wakaoana.

Kwa miaka ishirini na saba magari yale mawili yalilala kwenye banda moja, na wenyewe hawakuacha kutaniana. Filimón alisema Chevelle ile inasimama kama mbuzi anayekunywa maji mtoni. Orlinda alisema Impala ile inafaa kufagilia barabara. Alisema pia kwamba kutwa nzima anawabeba watoto wa watu kwa mwendo wa jeneza, kwa hiyo jioni wamwache apumue.

Kisha sukari ikaanza kuyala macho ya Filimón. Kwanza aliacha kushona usiku, halafu akaacha kuendesha, halafu akawa anaona mwanga na vivuli tu. Nyuzi alizijua kwa vidole, kwa hiyo kazi hakuiacha yote. Lakini siku moja ya Oktoba Orlinda alirudi na kukuta nusu ya banda iko wazi, na sakafuni doa la mafuta mahali ilipokuwa Impala. Filimón alikuwa ameiuza kwa mtu wa Albuquerque bila kumwambia. Alisema gari la namna ile halijatengenezwa kukaa gizani, akaingia ndani na kuwasha redio. Orlinda alibaki amesimama karibu na lile doa kwa muda mrefu.

Majira yale ya baridi nyumba ilikuwa kimya. Filimón alikula, alishona, alijibu alipoulizwa. Hakutania mtu. Orlinda alijua kinachomsubiri mbele: Jumapili ya Pasaka, siku ambayo bonde zima huleta magari yake barabarani baada ya misa na kuyapitisha polepole kutoka daraja moja hadi jingine, huku watu wameweka viti kando ya njia na kuku wa kuchoma wananukia kila kona. Filimón hakuwahi kuikosa siku hiyo tangu apate leseni. Mwezi Machi Orlinda alimwambia waende pamoja ndani ya Chevelle.

Filimón alicheka kidogo puani. "Kwenye ile ngazi yako? Watu watadhani tunakwenda kupaka rangi dari."

"Nikiishusha, utapanda?"

Filimón akamtaka arudie alichosema. Orlinda akarudia. Filimón akasema kwamba mtu aliyenyanyua gari kwa miaka thelathini hawezi kulishusha, mikono yake haitamkubalia. Orlinda akamwambia mikono ni yake, na kama Filimón anajua sana basi atoke nje akae kwenye ndoo na kumwelekeza. Kesho yake asubuhi Filimón alitoka, kavaa kofia yake ya zamani ya kazi, akaigeuza ndoo na kukaa.

Kwa upande wa nyuma hapakuwa na tatizo. Orlinda aliagiza springi fupi kwa posta, akaitoa ile miguu mirefu iliyonyanyua mkia na kurudisha matairi ya kawaida, na Jumamosi moja ikatosha. Mbele ndiko kulikokuwa na kazi. Springi ya mbele imebanwa na uzito wa injini, na ikifyatuka inaweza kumvunja mtu taya. Filimón alimfanya apitishe mnyororo katikati ya springi na kuufunga kwenye fremu kabla hata hajagusa spana. Aliupapasa mnyororo ule kwa vidole, pete moja moja, akamwambia aukaze tena. Kisha jeki chini ya mkono wa gurudumu, kisha nyundo kwenye kiungo mpaka kiachie, kisha jeki iteremke taratibu sana, huku springi ikijinyoosha na kulia kama mlango wa zamani. Orlinda, aliyewahi kwenda maili mia kwa saa bila kupepesa, aligundua kwamba amebana pumzi.

"Imetoka?" Filimón aliuliza.

"Imetoka. Iko mapajani mwangu."

"Sasa sikia. Unakata nusu ya mzunguko. Kwa diski ya kukatia, siyo kwa moto, maana moto unakilainisha chuma na hakitarudi tena. Nusu tu. Halafu tunairudisha, tunalishusha gari chini, tunaangalia. Ikihitajika, tunaitoa tena."

Orlinda aliuliza wataitoa mara ngapi. Filimón akajibu kwamba Impala yake ilimchukua mara tano, majira mawili ya kiangazi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekumbuka asali.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Pasaka. Filimón aliingia ndani kujidunga sindano yake ya sukari na kula, na Orlinda akabaki na springi zote mbili, ya pili nayo imeshatolewa, diski ya kukatia, na tabia yake. Alikata nusu mzunguko. Akaitazama, akaona ni kama hajakata kitu. Akakata mzunguko mzima mwingine, akafanya hivyo hivyo kwenye springi ya pili, na vipande vilivyobaki akavificha kwenye pipa la taka chini ya magazeti.

Jumamosi Kuu gari lilikuwa chini, limeoshwa, linang'aa. Filimón alilizunguka kwa mkono, akipapasa kutoka taa hadi mlango. Kwenye upinde wa gurudumu la mbele aliweka vidole vyake kati ya bati na tairi, jinsi alivyopima magari maisha yake yote. Akajaribu kidole kimoja. Akajaribu kile kidogo.

"Orlinda. Hapa hata kadi ya harusi haipiti."

"Ni springi zimetoka kukatwa. Zitakaa sawa zikitembea."

Filimón alifungua mlango wa abiria, akakaa, akateremsha kioo. Walikuwa wanakwenda kulijaribu tu mpaka kanisani na kurudi. Orlinda akawasha injini na kuteremka kwenye njia ya nyumba yao, ambayo kabla ya kufika barabarani inavuka mfereji wa kumwagilia mashamba kwa kidaraja cha zege chenye mgongo kama wa punda. Maji yalikuwa yamefunguliwa wiki ile na mfereji ulikuwa umejaa. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakavuka, kisha tumbo la gari likakaa juu ya zege kwa mlio mrefu wa kukwaruza. Orlinda akakanyaga mafuta. Gurudumu la nyuma likazunguka bure na kurusha changarawe mpaka kwenye dirisha la jikoni lao.

Walikuwa wamesafiri kama hatua thelathini.

Orlinda alizima injini. Maji yalipita chini yao. Alisubiri mumewe aseme neno, akatazama mbele, akahisi uso wake unawaka kama wa msichana. Ndipo akasikia sauti ambayo tangu Oktoba hakuwahi kuisikia. Ilianza kama kikohozi. Filimón alikuwa anacheka, mkono ameuegemeza kwenye dashibodi, machozi yanamtiririka, na kila alipojaribu kusema alishindwa na kuanza upya.

"Mzunguko na nusu," alisema hatimaye. "Nilihesabu nikiwa mezani. Diski iliimba mara nne badala ya mbili, na vidole vyangu vikanipa hesabu iliyobaki."

"Ulijua na ukakubali kupanda?"

"Mke wangu, tangu majira ya baridi yaanze sijasubiri kitu kwa hamu hivi."

Orlinda alitaka kukasirika, lakini kicheko kile kilimwingia na yeye. Walikuwa bado wamekaa pale juu ya mfereji, wanacheka hawajiwezi, Telesfor alipokuja. Huyu alikuwa kaka yake Filimón na msimamizi wa mfereji, na alikuja mbio akidhani kuna mtu ameziba maji. Aliinama akatazama chini ya gari, akasimama wima, akavua kofia.

"Shemeji," alimwambia Orlinda, "mwaka jana ulipita hapa na Chevelle hii mimi nikiwa nimelala chini yake natoa jani mferejini. Sasa hata jani lenyewe halitapita."

Alileta mbao na jeki mbili, wakalinyanyua na kulirudisha nyuma hadi bandani. Orlinda alikiri kila kitu, pamoja na magazeti kwenye pipa. Springi zilizokatwa haziungwi tena, na duka la vipuri lingefunguliwa Jumatatu, Pasaka imeshapita. Filimón alikaa kwenye ndoo yake akifikiri. Kisha akamwuliza kaka yake kama gari lake bovu, ile Malibu ya silinda sita, ya mwaka ule ule wa Chevelle, bado liko nyuma ya zizi.

Telesfor alisema liko, ila kuku wanaishi ndani.

"Vua springi zake za mbele," Filimón akasema. "Ni za injini nyepesi. Tukizifunga kwenye gari la Orlinda, injini yake nzito itazikalia yenyewe mpaka chini. Hatukati kitu. Na Orlinda haruhusiwi kushika diski."

Kwenye kiti cha mbele cha Malibu palikuwa na kuku mwekundu ameatamia mayai, na hakuwa na nia ya kuondoka. Kwa hiyo walifanya kazi chini yake, Orlinda na shemeji yake, kwa sauti ndogo, nyundo wameifunga kitambaa, na kila walipogonga kiungo kuku alitoa kichwa dirishani na kuwatukana. Saa kumi jioni springi zilikuwa mikononi. Magharibi zilikuwa zimekaa kwenye Chevelle, na Telesfor alinyoosha uzi kutoka nyuma hadi mbele kuhakikisha magurudumu yanatazama upande mmoja. Filimón aliweka mkono kwenye upinde wa gurudumu. Vidole viwili viliingia, vikagusa pande zote mbili, vikatulia.

"Hapo," alisema. Akaviacha pale kwa muda.

Pasaka walivuka mfereji. Tumbo la gari lilipita karibu kabisa na zege, Telesfor akiwa ameinama pembeni akiwaonyesha kwa mikono kama anaongoza ndege. Kwenye barabara ya Riverside Orlinda aliingia kwenye msururu wa magari na kuweka mguu juu ya breki. Mguu ulimwasha. Nyuma ya lori la mtu mwenye mbwa watatu walikwenda kwa mwendo ambao hata kwenye basi la shule asingeuvumilia.

Lakini Filimón alikuwa na kiwiko nje ya dirisha, na alikuwa anauliza. Nani yuko pale kwenye kituo cha mafuta? Gari lile linalonguruma upande wa pili ni la nani? Kwa hiyo ilimbidi Orlinda atazame ili aweze kumjibu. Akamwambia kwamba Benerita wa duka la mikate ameweka kiti chake kwenye jua, na nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Akamwambia kuna mzee amembeba mjukuu mabegani na mtoto amevaa kofia ya mzee. Akamwambia ule ukuta wa buluu karibu na posta umepakwa rangi ya waridi, na Filimón akashangaa, na Orlinda akashangaa pia, kwa sababu mwenye nyumba waliyemwuliza kupitia dirishani alisema umekuwa wa waridi tangu mwaka jana. Kila siku ya kazi alipita pale, macho kwenye kioo cha nyuma kuwaangalia watoto, na jioni alipita tena kwa kasi. Watu walianza kuita jina la Filimón. Wengine walikuja kando ya gari na kutembea nalo, wakamshika mkono, wakapiga soga bila kuongeza hatua. Mmoja alimwuliza nani ameishusha Chevelle, maana imekaa vizuri sana.

"Mke wangu," Filimón alisema. "Na kuku mmoja."

Mwezi Juni shule zilipofungwa, dereva mwenzake Orlinda, Prescilla Lucero, alimletea gari lake la mwaka 1978 na kuomba lishushwe mbele inchi mbili. Orlinda alisema sawa. Alimtolea Filimón ndoo, akafunga mnyororo, akashika springi mapajani. Alikata nusu ya mzunguko, akairudisha, akalishusha gari chini, akaangalia. Halafu akaitoa tena. Ilimchukua mara tatu, wiki mbili nzima, na Prescilla alipopiga simu kuuliza kwa nini anachelewa, Orlinda alimwambia aache haraka, gari si chapati.