Sindano ya Asubuhi

Dada yangu si mtu wa kutulia. Hata kiti cha mgeni hukikalia upande, utadhani kimetiwa pilipili. Yeye ni fundi cherehani, mimi nashona vifungo na kupiga pasi, na tangu mama yetu afariki hakuna asubuhi aliyoanza kazi bila kujidunga sindano vidoleni, kimoja baada ya kingine. Kikiuma anashukuru, anakanyaga cherehani. Mama naye alikuwa fundi. Tulijua anaumwa siku alipojishona kidole huku akiendelea kuongea na mteja.

"Kujichokonoa huko kutakuletea ugonjwa mwingine," nilikuwa namwambia. Nilimtania hivyo, lakini roho yangu nayo ilikuwa juujuu, maana mama yetu ni mmoja.

Wiki hii uvumilivu ukamwishia, akanikokota hospitali kusikia majibu ya damu yake aliyopimwa. Daktari hakuzungusha maneno. Jeni mbovu iliyomuua mama, naye anayo.

"Kosa lenyewe ni dogo," daktari alisema. "Ini linatengeneza protini fulani, vipande vinne vilivyoshikana. Yako imeshikana kilegevu. Vipande vikiachana vinajikunja vibaya, vinanatana, halafu vinaenda kujazana kwenye mishipa ya fahamu mpaka inakufa."

"Mshono legevu," dada akasema, goti likimchezacheza.

"Ndiyo, fundi. Siku hizi ipo dawa ya kuushikiza usifumuke. Ila mshipa ukishakufa, dawa haiufufui. Ndiyo maana lazima tujue kama ugonjwa umeshaanza."

"Bado." Dada akanyoosha vidole vyote juu ya meza kama anayeonyesha pete. "Hivi navipima kila siku."

"Huu huanzia miguuni. Hebu vua viatu."

Goti la dada likaacha kucheza, na hilo likaniogopesha kuliko yote yaliyosemwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tunalinda dirisha, mlango uko wazi. Alivua, akafumba macho kama alivyoagizwa. Daktari akachukua pini.

"Ukisikia nimekugusa, sema."

Mimi nilikuwa naiona. Iligusa kidole gumba cha mguu, ikahamia cha pili, ikaenda mguu wa pili, ikarudi pale pale. Nilitamani kumfinya dada aseme chochote.

"Anza basi, daktari," akasema. "Nina nguo za watu."

"Nimeshamaliza, fundi."

Dada akafumbua macho. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, kisha viatu vyangu.

"Na wewe vua," akasema.