Dakika Kumi na Tano za Karani wa Masijala

Mume wa mdogo wangu ni karani wa masijala, yaani chumba cha majalada, kwenye ofisi ya ardhi ambako mimi nachemsha chai na kupiga deki. Ni mtu mpole, na shati lake hupigwa pasi mbele tu kwa sababu mgongo wote huegemea kiti. Kiti chenyewe amekikalia miaka ishirini na sita.

Alipoajiriwa alikuwa mwepesi, msimwone hivi. Wiki ya kwanza alimaliza barua zote zilizokuwa mezani, akakaa mikono mitupu. Mkuu wa kitengo wa wakati ule akachungulia, akashtuka, akamwita pembeni.

"Meza nyeupe hivi, akija mkaguzi si atasema hatuna kazi? Unataka tupunguzwe?"

Hicho ndicho chuo alichosoma shemeji, na alifaulu. Alijifunza kwamba barua lazima ilale kwanza. Kwamba jalada likitafutwa chini huwa liko juu, na ukipanda juu unaambiwa limeshuka. Na kwamba mwananchi hatazamwi usoni. Anatazamwa mikononi, kuona ameshika karatasi gani na ipi amesahau.

Mwaka huu ukaja waraka wa mageuzi ya utumishi. Kila mtumishi afundishwe siku tano, na siku ya mwisho apimwe: ahudumie mwananchi mmoja kwa hatua saba, ndani ya dakika kumi na tano. Akishindwa, kazi hana. Shemeji amebakiza miaka minne astaafu na mtoto wake wa mwisho bado yuko sekondari. Alikonda kabla mafunzo hayajaanza.

Mlangoni wakabandika tangazo: OFISI IMEFUNGWA WIKI NZIMA. WATUMISHI WAPO KWENYE MAFUNZO YA KUWAHUDUMIA WANANCHI BILA KUCHELEWA. Nikauliza kama kuna aliyelisoma kabla ya kulibandika. Nikajibiwa limepitishwa na wakubwa watatu.

Nyumbani shemeji akawa anamfanyia mdogo wangu mazoezi. Mwenzake anatoka jikoni, anamkuta mume kasimama wima, meno yote nje.

"Karibu mteja wetu mpendwa. Nikusaidie nini leo?"

"Nibadilishie mtungi wa gesi."

"Hiyo si ya dirisha langu."

"Basi umeshafeli, baba watoto. Kaa ule."

Ukumbini mkufunzi alikuwa dada mmoja wa miwani mikubwa, anaongea kama aliyemeza waraka. Siku nne nzima walifundishwa kutabasamu. Mkuu wa kitengo wa sasa alikaa mstari wa mbele, anaandika kila kitu, hata salamu. Mimi nilikuwa nyuma na birika langu.

Siku ya mtihani mkufunzi akasema mwananchi wa kupimia ataingia mlangoni bila kutangazwa, ahudumiwe kama wa kweli. Shemeji akapangwa wa kwanza. Akafuta jasho, akakaa mezani.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mjane wa fundi seremala.

Huyo mama namjua. Miezi minane anakuja dirishani kwetu, anaomba kiwanja cha marehemu kiandikwe jina lake kabla mashemeji zake hawajakiuza. Miezi minane anaambiwa jalada halionekani. Tangazo alilipita kama hajaliona, akafuata sauti za watu mpaka ukumbini. Na shemeji hakumtambua hata kidogo, maana siku zote alikuwa anatazama mikono yake. Nikafungua mdomo niseme. Nikaufunga.

"Karibu sana, mama," shemeji akasimama. "Pole na safari. Keti."

Mama akageuka nyuma kuangalia anayeambiwa ni nani. "Mimi?"

"Wewe, mama. Nikusaidie nini?"

Mama akaeleza. Shemeji akamsikiliza, akarudia maelezo yake kama hatua ya nne inavyotaka, kisha akatoka mbio kuvuka korido. Dakika nne tu, karudi na jalada lililopotea miezi minane, halina hata mkunjo. Mkuu naye, kwa kutaka sifa mbele ya mkufunzi, akatoa kalamu akaisaini hati ya kiwanja, akagonga muhuri mpaka meza ikalia. Dakika kumi na moja! Ukumbi mzima makofi.

Mjane akaishika hati kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

"Mungu akuweke, baba," alimwambia shemeji. "Kumbe siku zote ungeweza?"

Akaondoka zake. Mkufunzi akatikisa kichwa. "Huyu mama anaigiza jamani! Nani kampanga?"

Hapo ndipo alipoingia bwana mmoja wa tai, anahema. "Samahani, foleni barabarani. Mimi ndiye mwananchi."

Vichwa vyote vikamgeukia. Hata birika langu liliacha kutoa mvuke, nafikiri. Mkuu akashika kichwa. "Ina maana nimesaini kweli?"

Shemeji akapewa sifuri, kwa kuwa aliyemhudumia hayumo kwenye orodha. Lakini wakamwonea huruma: aandike barua aseme alimhudumia yule mama kimakosa, hati irudishwe, naye apimwe upya. Wakampa na kalamu.

Shemeji akaigeuza ile kalamu mkononi. "Kiwanja ni chake, jalada ni lake. Kosa niandike lipi?"

Akairudisha kalamu mezani.

Wiki iliyofuata barua ya kumwondoa kazini ikachapwa. Ila utaratibu wa ofisi ni mmoja: barua haisainiwi mpaka masijala iifungulie jalada na kuipa namba. Kwa hiyo ikashuka mpaka kwenye trei ya nani? Ya shemeji mwenyewe. Nikampelekea chai, nikamnong'oneza.

"Shemeji, ikalie hiyo. Za watu umekalia ngapi?"

"Nyingi, dada. Yule mama aliniuliza swali, mpaka leo sina jibu." Akavuta jalada jipya. "Na mimi ni mwananchi, bwana."

Akaandika jina lake juu, akatoboa, akafunga uzi, akaipa namba, akaipandisha kwa mkuu. Dakika tisa. Mdogo wangu aliposikia alitaka kumpasua.

Mkuu alikuwa anafunga mkoba. "Weka hapo," akasema bila kugeuka. Alikuwa anawahi mafunzo ya viongozi, mada ikiwa kutoa maamuzi kwa haraka. Alirudi, akaondoka tena. Sasa yuko kwenye awamu ya tatu.

Huu mwezi wa tano. Shemeji anaingia kazini saa moja na nusu, na kufika saa sita meza yake nyeupe, wenzake wamemnunia wote. Mimi kila asubuhi napangusa vumbi mezani kwa mkuu. Lile rundo la majalada, la shemeji likiwa chini kabisa, nalizungukia.