Debe Moja la Kwenda Norwe

Ukitaka kumuudhi Bi Chausiku wa Matombo, mwonyeshe tenga la matunda lililofungwa ovyo. Atalitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetoka nje bila kunawa uso, kisha atalifungua, hata kama si lake, na kulipanga upya. Chini majani makavu ya mgomba, juu yake machungwa magumu, halafu ndizi mbichi zimelala ubavu, halafu machenza, na kila palipobaki tundu anachomeka pasheni moja. Akimaliza anapandisha kilima cha matunda juu ya mdomo wa tenga na kukishona kwa kamba ya katani. Hiyo ndiyo lumbesa, na serikali imeipigia kelele miaka nenda miaka rudi. Bi Chausiku haoni kosa liko wapi. Lori hutoza nauli kwa tenga, halitozi kwa kilima.

Kazi hiyo aliishika hasa mwaka themanini na sita, ruksa ya biashara ilipoingia. Kabla ya hapo matunda ya Matombo yalikuwa yakiozea chini ya miti, kwa sababu magari hayakuwepo na vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi kuliko magari yenyewe. Ghafla malori yakaanza kupanda milima kutoka Dar es Salaam, yakinguruma kwenye matope, madereva wakiuliza nani ana mzigo. Bi Chausiku, mwanamke aliyeachwa na mume akabaki na mtoto mmoja wa kike, alikuwa na mzigo. Katika miaka miwili aliezeka bati.

Malori yana sheria yake, naye alijifunza mapema. Nafasi ikibana, anayeshuka ni mtu. Mzigo unaendelea na mwenyewe atafuata na gari jingine. Matunda huoza, mtu haozi. Maneno hayo aliyazoea mpaka akawa anayasema hata mahali pasipohusika, na ndiyo yaliyomponza.

Januari ya mwaka uliofuata, themanini na saba, binti yake, Asia, alichaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni huko Iringa. Bi Chausiku alimpangia sanduku la bati kwa siku tatu. Daftari, sabuni, mashuka, karanga, mafuta ya kujipaka, sindano na uzi, vyote vilikaa kama vimezaliwa pamoja. Wanawake wa jirani walikuja kulitazama. Asubuhi ya safari lori likafika kabla ya wakati wake, matenga kumi na nane yanasubiri, dereva anapiga honi. Matunda huoza, mtoto haozi. Alimbusu Asia kwenye paji la uso, akapanda juu ya matenga. Aliyempeleka mtoto stendi ya Morogoro alikuwa mjomba wake, Mwinshehe.

Siku za kutembelea wanafunzi ikawa vivyo hivyo. Kila mara palikuwa na lori, na kila mara palikuwa na tenga la Asia, limefungwa vizuri kuliko yote, limekabidhiwa kondakta wa basi la Iringa. Wenzake walipokea mama zao. Yeye alipokea tenga. Alikula, akawagawia wenzake, akaandika barua ya shukrani yenye mwandiko safi. Hakulalamika hata siku moja. Bi Chausiku alifurahia utulivu huo kwa miaka mingi, mpaka alipoanza kuuogopa.

Asia alisomea uuguzi, akapata ufadhili wa kwenda Norwe, akabaki huko akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Fedha alituma, salamu alituma. Kuja, alikuja mara moja tu, akakaa nyumbani kwa mama yake kama mgeni mwenye adabu, anauliza wapi aweke kikombe.

Mwishoni mwa mwaka tisini na saba, mvua za elnino zikiwa zimekata barabara ya Matombo mahali patatu, ikaja bahasha yenye tiketi ya ndege. Bi Chausiku husoma polepole, akifuata mstari kwa kidole.

“Mama,” iliandikwa, “nina likizo ya Krismasi. Njoo ukae nami wiki tatu, mfungo utakukuta umerudi. Huku ni baridi, kwa hiyo vaa sweta mbili, nyingine zipo kwangu. Mwalimu Erick wa chuo cha Mzumbe anasafiri siku hiyo hiyo, atakuongoza. Mwisho wa mzigo ni kilo ishirini, lakini nakuomba usibebe kitu. Matenga yako nimekula miaka minne nikashiba. Safari hii njoo wewe.”

Aliisoma mara tatu. Alielewa kila neno, na kwa sababu alielewa ndiyo maana usingizi ulimpaa. Mzigo angeujua la kuufanya. Lakini aende yeye, aketi mbele ya mtoto wake wiki tatu nzima, wanatazamana, hana cha kufungua wala cha kupanga, atasema nini? Asia akimuuliza kuhusu asubuhi ile ya stendi, atajibu machungwa yalikuwa yanaiva?

“Usibebe kitu ndiyo nini?” alimuuliza jirani yake, Mwanahawa.

“Ni adabu tu, dada,” Mwanahawa alisema. “Mtoto hawezi kumwambia mama yake alete. Mkono mtupu haulambwi. Mimi mwenyewe nina maharage yangu ya kumpelekea.”

Basi Bi Chausiku akashukuru moyoni kwamba hakukuwa na njia nyingine. Habari zilipanda na kushuka mlimani. Mwinshehe akaleta chupa mbili za asali kwa ajili ya mpwa wake. Wengine wakaleta mdalasini, pilipili manga, iliki, karanga, unga wa muhogo. Kukataa kifurushi cha mtu huku kwetu ni kumkataa mwenyewe, kwa hiyo hakukataa hata kimoja. Yeye aliongeza mchele na kinu kidogo cha chuma, kwa sababu hakuamini kwamba Wazungu wanajua kutwanga.

Zikabaki hizo kilo ishirini. Bi Chausiku hajawahi kumiliki mizani. Maisha yake yote amepima kwa chombo. Lakini hakuwa mjinga. Alijua kuwa debe la mahindi ni kilo ishirini, au pungufu kidogo, maana hivyo ndivyo wanunuzi wa mahindi wanavyohesabu. Basi akatafuta begi, akaliingiza debe tupu ndani, likaenea barabara, akalitoa. Kilichobaki kilikuwa ufundi. Karanga zikaingia ndani ya kinu, iliki katikati ya karanga, unga ukashindiliwa pembeni mwa chupa, maharage yakamiminwa kwenye kila upenyo mpaka begi likawa gumu kama tofali. Kilima hakuweka, hata kidogo. Zipu ilifunga bila kulazimishwa.

“Debe moja la haki,” alisema, akilipiga kofi. “Hata lumbesa hamna.”

Katika mzigo wote huo, cha kwake mwenyewe kilikuwa doti moja ya kanga na mswaki.

Walishuka mjini yeye na Mwanahawa kwa miguu na kwa magari, kulingana na barabara ilivyotaka, na siku ya pili yake wakafika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Joto la Desemba lilikuwa limeshika. Bi Chausiku alikuwa amevaa magauni mawili na sweta mbili, jasho linamtiririka, na hakukubali kuvua hata moja kwa sababu alichovaa hakipimwi. Hilo aliagiziwa mapema na Mwalimu Erick, kijana mrefu mwenye miwani, aliyekuwa akiwasubiri na masanduku yake mawili ya vitabu.

“Shikamoo, mama. Mzigo ni huo tu?” Erick aliuliza, akashangaa kwa furaha. “Umefunga vizuri.”

“Marahaba, mwanangu. Ni debe moja.”

Erick aliinama kuliinua, akaacha, akaliinua tena kwa mikono miwili.

Msichana wa kaunta, jina lake Rahel limebandikwa kifuani, aliliangalia begi likipanda mizani, akaangalia namba, akaliangalia begi tena.

“Mama, hizi ni kilo thelathini na nne.”

“Haiwezekani, mwanangu. Hilo ni debe. Lipime vizuri.”

Rahel alilipima vizuri. Erick akajaribu kueleza kwamba debe la mahindi lina hewa katikati ya punje, na yeye hewa yote ameitoa. Bi Chausiku alisikiliza, na kwa mara ya kwanza maishani akatukanwa na ufundi wake mwenyewe. Erick hakuwa na nafasi ya kumsaidia. Vitabu vilimjaza mpaka kilo ya mwisho. Na gharama ya kilo kumi na nne za ziada, ilipotajwa, Mwanahawa alishika kichwa.

“Nyuma kuna watu, mama,” Rahel alisema kwa upole. “Punguza, au tufanyeje?”

Bi Chausiku alijua la kufanya. Alikuwa amelifanya mara nyingi mno kiasi kwamba ulimi haukumngoja.

“Nitoe mimi,” alisema. “Mimi nina kilo nyingi kuliko hizo. Mzigo uende na mwalimu, mimi nitafuata.”

Rahel alicheka. Kisha akaona mwanamke aliye mbele yake hacheki, na zaidi ya hapo, uso wake umelegea, kama mtu aliyetuliwa jiwe. Kwa kweli alikuwa ametuliwa. Angerudi Matombo, Asia angepata vitu vyake, wangeandikiana barua za adabu, na hakuna ambaye angelazimika kumtazama mwenzake machoni.

“Mama,” Rahel alisema, “tiketi hii ni yako. Mzigo hauna tiketi, unakusindikiza tu. Usipopanda wewe, na huu hauendi.”

Bi Chausiku alisimama pale, mkono juu ya begi. Hakuna dereva aliyewahi kumwambia hivyo. Miaka kumi na moja alikuwa anausindikiza mzigo, na leo msichana mdogo, asiyejua hata kwao ni wapi, anamwambia kwamba mwenye safari ni yeye. Akamkumbuka Asia akiwa amesimama mbele ya lori, na sketi mpya iliyomzidi urefu, akingoja. Alichokuwa anakingoja hakikuwa ndani ya sanduku.

Alilivuta begi pembeni, akapiga magoti sakafuni, akafungua zipu. Alitoa kinu kwanza. Akatoa maharage, mchele, unga, karanga na viungo vyote, akimkabidhi Mwanahawa ambaye alitandaza kanga yake kupokea.

“Asali ya Mwinshehe nayo?” Mwanahawa aliuliza. “Dada, tutamwambia nini?”

“Mwambie nimekwenda mimi.”

Aliporudisha begi kwenye mizani, likiwa limenywea, Rahel alisoma kilo tatu. “Umepunguza mno, mama. Unaweza kurudisha kumi na saba.”

“Liache hivyo hivyo.”

Safari yenyewe haina mengi. Alikaa dirishani, akala alichopewa, akabadilishiwa ndege mahali ambapo hata ngazi zilikuwa zinatembea, naye akamshika Erick mkono bila aibu. Mikono yake ilimsumbua njia nzima. Haikuwa na cha kufunga, ikawa inashuka na kupanda juu ya mapaja. Alijaribu kupanga maneno ya kumwambia Asia, yale mazito chini na mepesi juu, lakini hayakukaa.

Walipotokea kwenye ukumbi wa wanaopokelewa, milango mikubwa ilifunguka na baridi ikaingia, baridi ya aina nyingine kabisa, isiyo ya milima yao ya Uluguru, inayokwenda kwenye meno. Erick alitangulia na masanduku yake. Bi Chausiku, mfupi, alibaki nyuma ya mgongo wake, na hapo akaisikia sauti ya binti yake kabla ya kumwona.

“Habari za safari, mwalimu? Pole na uchovu. Mzigo wa mama uko wapi?”

Asia alikuwa amevaa koti jeusi zito, na mbele yake toroli kubwa, ile ya masanduku ya watu wengi, pamoja na kamba mbili za kufungia. Alikuwa akitazama nyuma ya masanduku ya Erick, chini, mahali mizigo inapokaa.

Erick alisogea pembeni tu.

Asia alimwona mama yake akiwa amesimama na kibegi kilichonywea mkononi, magauni mawili, sweta mbili, na kandambili juu ya soksi.

“Marahaba, mwanangu,” Bi Chausiku alisema, ingawa hajaamkiwa.

“Mama, umekuja?”

“Nimekuja. Sina kitu. Vyote nimeviacha kwa Mwanahawa.”

Asia aliangalia kibegi, akaiangalia toroli, akaangalia ile milango inayofunguka na kufunga. Mama yake alikuwa ameanza kutetemeka.

“Koti sikuleta,” Asia alisema taratibu, kama mtu anayekiri kosa mbele ya mwalimu. “Sweta zako nimezifua, zipo kitandani nyumbani. Lakini kuja nazo hapa, sikuja nazo. Nilikuja na toroli.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Mzigo hausikii baridi, mama.”

Bi Chausiku aliyapokea maneno hayo bila kujitetea, kwa sababu yalikuwa yake. Machozi yalimtoka, akayaacha. Asia tayari alikuwa anafungua vifungo vya koti lake, anamvika mama yake begani, mikono yake mwenyewe ikibaki na blauzi nyepesi.

“Na wewe je?”

“Mimi nimezoea.”

“Nani alikwambia uzoee?” Bi Chausiku alisema. Akalifungua koti upande mmoja, akamshika binti yake kiunoni, akamvuta ndani. “Ingia huku. Tunaenea.”

Koti lilikuwa kubwa. Walitoka nje hivyo hivyo wakikanyagana, mmoja katika kila mkono wa koti, na Mwalimu Erick akawafuata akisukuma toroli tupu.