Siku ya Kumshusha Selina

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina banda langu Mirongo, natengeneza mageti na madirisha, na katika kazi hii sijawahi kukutana na tatizo ambalo nikiliangalia vizuri halitaki chuma. Huo ndio ugonjwa wangu. Selina, mke wangu, ujauzito wake ulipokuwa mkubwa, wanaume wengine wangekuwa wanawaza jina la mtoto. Mimi niliwaza bomba la inchi moja na nusu.

Sababu ilikuwepo. Tunakaa Ilemela, juu kabisa kwenye mawe, mahali ambapo bajaji inaishia chini na anayetaka kufika kwetu anapanda kwa miguu, na sehemu nyingine kwa miguu na mikono. Jirani yetu Queen aliwahi kujifungulia njiani akiwa ameegemea jiwe. Yeye na mtoto walipona. Lakini Selina presha ilikuwa inampanda, na nesi wa kliniki alishamwambia wazi kwamba akiona dalili ya kwanza tu aende hospitali, asisubiri nyumbani. Niliogopa. Kila nilipopanda ule mteremko nikitoka kazini nilikuwa namwona ameanguka mahali fulani, na mimi sipo.

Basi nikatengeneza kiti cha kumbebea. Kilikuwa na egemeo, pa kuwekea miguu, na mikono ya kushikia mbele na nyuma, na nilikipiga rangi ya bluu mara mbili. Nikawaita majirani, Ngosha na Shaibu, tukijaribu. Tuliweka gunia la mchanga juu yake. Hatujafika popote Ngosha akaomba tupumzike, kisha akaomba tuutoe mchanga. Tukautoa. Akanyanyua tena, akanitazama.

"Malimi, hiki kiti kitupu ni kizito kuliko mkeo."

Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kazi imara. Selina, aliyekuwa amekaa mlangoni akituangalia, akasema, "Mimi hapo sikai. Nitashuka kwa miguu yangu." Niliwaeleza wenzangu kwamba wajawazito wana maneno, tusimjali.

Siku chache baadaye akaja mama mkwe kutoka Magu, kumsubiria binti yake. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nimelelewa Kisukuma, na kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, lakini marehemu baba alinikazia sana jambo hilo, nami nililishika lote. Kwa hiyo tangu nioe, mama mkwe nilimjua kwa miguu tu. Miguu ile ningeitambua popote: mipana, visigino vimepasuka kwa kazi ya shamba, kandambili za kijani. Kuanzia hapo kwenda juu sikuwa na habari zozote.

Sasa weka heshima ya namna hiyo ndani ya nyumba ya chumba na sebule. Nikitaka kuingia, nakohoa. Akitaka kutoka, anakohoa. Majirani walianza kutushauri twende tukapimwe kifua. Chakula nililia nje, juu ya jiwe, pimbi wakinikodolea macho. Tukiwa na la kuambiana tulilipitisha kwa Selina.

"Mwambie mwenzako begi liko tayari," mama mkwe anasema akiwa ndani. "Kanga zipo, beseni lipo, imebaki plastiki ya kulalia."

"Mwambie mama nitaileta kesho," najibu mimi kutoka dirishani.

Selina, amelala katikati yetu na tumbo lake, anasema, "Mmesikiana," kisha anajigeuza upande wa pili.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mvua ilinyesha, umeme ukakatika, nami sikwenda kazini, maana fundi wa kuchomelea bila umeme ni mtu aliyevaa ovaroli. Nilikuwa kwenye jiwe langu namalizia ugali na sato wa mchana, Selina akatoka ameshika kiuno.

"Chupa imepasuka," akasema. "Twende."

Shaibu alikuwa msikitini na Ngosha alikuwa mwaloni, kule ziwani, kwenye dagaa. Wabebaji wangu nilikuwa nimewapanga kana kwamba mtoto angepiga simu kabla ya kuja. Mtu mwenye akili angemshika mkewe mkono. Mimi nilikimbilia kiti. Nilikinyanyua peke yangu, nikakanyaga jiwe lililolowa, na kandambili ikaenda njia yake. Kiti kiliniangukia mguuni, kisha kikaendelea na safari, kikigonga jiwe hadi jiwe, mpaka kikatua juu ya banda la kuku la Queen. Nilijaribu kusimama, kifundo cha mguu kikakataa kabisa.

Nikaona kandambili za kijani zinakuja. Zikasimama mbele yangu.

"Umeumia?"

Nilimtafuta Selina anisaidie kujibu, lakini alikuwa ameegemea ukuta, uchungu umembana, hana nafasi ya ukalimani. Nikaziambia zile kandambili, "Hapana, mama. Nyie tangulieni tu."

"Tutangulie wapi?" Selina akasema alipopata pumzi. "Mama hajui mji, hospitali yenyewe haijui. Nikizidiwa nani atasema na dereva? Siendi bila wewe."

Mama mkwe hakungoja tumalize. Alijitwika begi, akachutama, akauchukua mkono wangu na kuuzungusha shingoni kwake.

"Mama, siwezi kukushika."

"Nishike, baba. Aibu tutaiona kesho. Leo tunamwangalia huyu."

Ndivyo tulivyoshuka. Selina mbele, kwa miguu yake kama alivyosema, akijishikilia kwenye mawe. Uchungu ukija anasimama na kuinama, nasi tunasimama nyuma yake, mimi nimemkumbatia mama mkwe mbele ya kilima kizima. Watu walitoka milangoni kutuangalia. Queen alikuwa nje na jogoo wake mkononi, hajui ampe pole nani. Na kwa kuwa mguu ulikuwa unaniuma kweli, mtu aliyekuwa akilia kwa sauti kwenye msafara ule hakuwa mjamzito.

Katikati ya mteremko Selina akakaa chini. Akasema macho yanaona giza.

Mzaha wote uliniisha. Niliyaona yale niliyokuwa nayaona kila jioni, ila sasa nilikuwepo na sikuwa na msaada wowote. Kwa hofu nikamgeukia mama mkwe nijue kama tumekwisha, na hapo ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Paji pana, na mdomo ulioshuka upande mmoja, kama wa mtu aliyetajiwa bei asiyoikubali. Macho yalikuwa na machozi, lakini mdomo ule ulikuwa bado haujakubali.

"Mwite," akaniambia. "Akikusikia wewe atainuka."

Nikamwita. Sikujua la kusema, nikasema la kwanza lililokuja. "Selina, kile kiti nitakipeleka chuma chakavu. Nakuapia." Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Akashika jiwe, akainuka, tukaendelea mpaka kwenye bajaji.

Hospitali muuguzi alikuja mbio na kiti cha magurudumu, akakileta kwangu. Mama mkwe alimwelekeza kwa kidole, na Selina akaingizwa ndani.

Mimi nilifungwa bandeji nikaachwa kwenye benchi la korido. Sitaki kusimulia nilivyosubiri. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kisukuma, nikaahidi mambo ambayo mengine sina uwezo nayo.

Jua lilikuwa linazama mama mkwe alipotoka na kifurushi cha kanga. Alisimama mbali kama kawaida, macho chini, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtuma. Korido ilikuwa tupu. Akaja mwenyewe.

"Selina ni mzima," akasema, akiuambia ukuta. "Presha imeshuka. Ni binti." Akaniwekea mtoto mikononi, kisha akarudi nyuma, akageukia upande mwingine, heshima ikawa imerudi mahali pake.

Nililia, na sikujificha. Nilipoweza kuona tena, nikaifunua ile kanga. Paji lilikuwa pana. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, haujakubali bei. Nikainamisha macho haraka, na kabla sijajizuia nikamwambia mwanangu shikamoo.