Ketura haingii bila hodi

Saa mbili asubuhi, siku ya soko, Ketura Mbambu anafungua kibanda chake cha kompyuta mjini Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kabla ya kumhudumia mtu yeyote, anawasha kompyuta kuukuu mbili alizoziunganisha kwa waya. Moja inashambulia, nyingine inajilinda. Zote ni zake.

"Hapa najiibia mwenyewe," anacheka. "Hakuna mutu atanishitaki."

Kicheko hicho kimetoka mbali. Mwaka juzi Ketura, mwenye miaka 29, almanusura afunge kibanda hiki kwa kosa lake mwenyewe, wala halifichi.

Alikuwa ameanza kujifunza usalama wa kompyuta kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Kiingereza cha masomo hayo kikampiga chenga, akawa anaruka kurasa. Kumbe alizoziruka ndizo zilizozungumzia ruhusa ya mwenye kompyuta.

Siku moja Mzee Nuwa, katibu wa chama cha wakulima wa kahawa huko Mahango, akamletea kompyuta ya chama aisafishe vumbi. Mikono ikamwasha Ketura, akaanza kubahatisha neno la siri. Wakonzo, wenyeji wa huku, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mvulana wa kwanza ni Baluku. Akaandika Baluku, akaongeza namba moja. Orodha nzima ya wanachama ikajitandaza mbele yake.

Akamwonyesha mzee akitarajia pongezi.

"Mimi nilikuambia pangusa vumbi," Nuwa alifoka. "Nani alikutuma kuingia ndani? Wewe iko mwizi!"

Neno baya halina breki. Wateja thelathini kwa siku wakabaki wanne. Ketura anasema alilia hadi macho yakavimba.

Aliyemwokoa ni Jean-Bosco, mfanyabiashara wa simu kutoka Butembo, Kongo, aliyekuwa amesoma masomo kama hayo kwa Kifaransa. Kwa siku tatu za soko aliketi naye, akimfafanulia kurasa alizoziruka.

"Nilimuambia: dada, ufundi uko nayo," anakumbuka Jean-Bosco. "Lakini mulango ya mutu, unabisha kwanza."

Ketura akapanda Mahango kwa miguu, akampigia mzee magoti. Mkononi alikuwa na barua ya kuomba ruhusa ya kuijaribu kompyuta ile na kuiwekea ulinzi, mzee akiwa kando yake. Nuwa akaisoma mara mbili, akampa mkewe Yudesi aisome pia, ndipo akatia sahihi.

Viongozi saba kati ya tisa wa chama walikutwa wakitumia majina ya watoto wao kama neno la siri. Wote wakabadilisha, na wateja wakarudi mmoja mmoja.

"Nashukuru Mungu, nashukuru Jean-Bosco," anasema Ketura. "Lakini mzee namushukuru zaidi. Angeninyamazia, leo niko jela."

Sasa anaandika kwa mkono daftari la masomo kwa wanaoanza, kwa Kiswahili na Lhukonzo. Mwakani anataka kuwafundisha vijana wa eneo la Nyamwamba, mjini Kasese. Somo la ruhusa amelijaza ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, asije mtu akaliruka.

Tukiwa bado tunaongea, Mzee Nuwa anaingia na kompyuta ya chama, juu yake karatasi yenye sahihi.

"Jaribu tena," anamwambia.

Ketura anajaribu Baluku, anajaribu Masika, jina la binti wa kwanza, anamaliza majina ya wajukuu wote. Mashine imekataa katakata.

"Imenishinda, tata!" anasema, akimwita baba kwa Lhukonzo.

Mzee anacheka hadi anafuta machozi. "Wasingya, mwanangu," anamshukuru. Kisha anaiacha kompyuta mezani kwa Ketura, anakwenda zake kunywa chai.